Pikipiki inapokataa kuwaka kwa baridi: angalia buji kwanza

Kwa mmotari wa Butembo, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, pikipiki ikikataa kuwaka alfajiri, abiria wa kwanza anapanda ya mwenzake. Wengi hukimbilia kulipa fundi afungue kabirateri. Mara nyingi jibu liko kwenye buji.

Kukiwa na baridi, esansi haigeuki mvuke upesi na oili inakuwa nzito. Kwa hiyo vuta starteri, kile kidude cha kupunguza hewa, piga kiki bila kukaza gesi, na uirudishe injini ikishapata joto.

Ikikataa bado, fungua buji. Ikiwa imelowa esansi, injini imezama: ikaushe, rudisha starteri, fungua gesi yote na upige kiki tena. Ikiwa kavu, esansi haifiki: angalia robine na filtre. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishe au ibadilishe.

Esansi ya kwa Kadafi iweke kwanza katika chupa nyeupe. Kama ina maji, yatashuka chini na utayaona kabla hayajaingia ndani ya tanki.