Ilulissat: mji unaolishwa na barafu

Mlangoni mwa hori ya Ilulissat, magharibi mwa Greenland, chini ya bahari pana kizingiti cha mawe na kokoto. Barafu yenyewe ndiyo iliyokirundika hapo maelfu ya miaka iliyopita. Juu ya kizingiti maji yana kina cha mita 250 hivi tu, ilhali ndani ya hori kina kinashuka mara kadhaa zaidi. Siwa barafu zinazokatika kwenye mto wa barafu wa Sermeq Kujalleq huja zikielea polepole kuelekea baharini, na zile kubwa zikifika hapo hunasa, kwa sababu sehemu kubwa ya kila siwa imezama majini. Zinazofuata nyuma husubiri. Foleni hiyo huweza kukaa miezi mingi, mpaka siwa za mbele ziyeyuke, zipasuke au zisukumwe na zile zinazotoka bara. Ndiyo maana mtu akisimama juu ya miamba nje kidogo ya mji anaona milima myeupe imejaa hori nzima, mingine mirefu kuliko jengo la ghorofa ishirini.

UNESCO iliiweka hori hii katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Sermeq Kujalleq humwaga baharini zaidi ya kilomita za ujazo 35 za barafu kwa mwaka, karibu sehemu moja ya kumi ya barafu yote inayokatika Greenland. Wakati wa kuorodheshwa ilikadiriwa kuwa mto huo unatembea mita 19 kwa siku, na miaka iliyofuata umepimwa ukifikia mita 40 na zaidi katika majira ya joto. Ni miongoni mwa mito ya barafu yenye kasi kubwa kuliko yote duniani.

Wageni wengi huja kwa ajili ya mandhari hayo, wakapiga picha, wakarudi melini. Kwa maoni yangu wanaondoka bila kuona jambo kubwa zaidi. Ilulissat ina watu wapatao 5,000, iko kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, na hakuna shamba la nafaka wala barabara ya kuiunganisha na mji mwingine wowote. Swali la kujiuliza ni hili: watu wameishije hapa kwa zaidi ya miaka 4,000? Jibu liko kwenye barafu ileile wanayoipiga picha.

Majira ya joto, maji ya barafu iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa mpaka chini kabisa ya mto wa barafu, yakatokea mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Maji hayo hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi kuliko maji ya bahari yanayoyazunguka. Hupanda juu kwa nguvu, na yanapopanda huyakokota maji ya kilindini yenye nitrati na virutubisho vingine. Virutubisho vikifika juu, ambako jua halizami tangu karibu tarehe 20 Mei hadi wiki ya mwisho ya Julai, viumbe vidogo vya planktoni hustawi kwa wingi. Kamba na samaki wadogo hula planktoni, halibati hula kamba na samaki wadogo, sili hula samaki, na nyangumi wa Ghuba ya Disko, iliyo mbele ya hori, hufuata karamu hiyo. Mto wa barafu unaoishia nchi kavu haufanyi kazi hii, kwa kuwa maji yake hutiririka juu juu na kuacha virutubisho vya kilindini vikiwa vimelala huko chini. Kwa hiyo barafu ya Sermeq Kujalleq ndiyo inayoandaa chakula cha ghuba nzima.

Halibati wa Greenland ni samaki bapa wa vilindini, wa ukoo mmoja na gayogayo wa pwani yetu lakini mkubwa mno, na ndiye anayeendesha uchumi wa Ilulissat. Huvuliwa kwa mshipi mrefu wenye ndoana mamia, chombo ambacho wavuvi wetu wanakijua kwa jina la dhulumati. Majira ya joto mshipi hutegwa kutoka kwenye mashua. Majira ya baridi mvuvi hutoboa tundu kwenye barafu ya bahari, akaushusha pamoja na bati linaloteleza majini kwa mshazari, na mkondo wa maji ukalivuta bati na kuunyoosha mshipi chini ya barafu. Zana ni chache, lakini kazi inataka mtu anayezijua barafu na mikondo ya kwao. Mbwa humfikisha mvuvi huko, na samaki hurudi mjini juu ya sleji, wakauzwa kiwandani bandarini.

Mjini pia kuna banda ambako wavuvi na wawindaji huuza wenyewe walichopata: nyama ya sili, nyangumi, samaki wabichi na waliokaushwa, ndege wa baharini, na nyama ya kulungu wa Aktiki wakati wa msimu. Ukifika, anzia hapo kabla ya kwenda kwenye mkahawa wa hoteli. Utaona amasati, samaki wadogo wanaoanikwa juani juu ya miamba kama dagaa, na vipande vya halibati mkavu vinavyotafunwa hivyo hivyo. Utaona pia mattak, yaani ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, inayokatwa vipande vidogo na kuliwa mbichi. Ina vitamini C nyingi, na kabla ya meli kuleta matunda ndiyo iliyowakinga watu wa nchi isiyo na mchungwa wala mchicha. Chakula cha nyumbani kinachopendwa zaidi ni suaasat, supu nzito ya nyama ya sili yenye vitunguu, viazi na wali au shayiri. Viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Anayetoka kwenye mapishi ya karafuu na iliki ataiona supu hiyo haijakolea, lakini aivumilie hadi bakuli liishe, maana ladha yake imo kwenye nyama.

Mambo mawili yafaa kusemwa wazi kuhusu chakula hiki. Kwanza, zebaki inayosafiri hewani kutoka viwanda vya dunia hujilimbikiza katika miili ya wanyama walao samaki, na wataalamu wa afya wa huko huwashauri wajawazito wapunguze nyama ya sili na nyangumi. Watu wa Greenland hawakuichafua bahari yao, lakini sumu imewafikia mezani. Pili, msomaji Mwislamu atauliza kuhusu halali. Samaki hawana tatizo, na wafuasi wa Imamu Shafi huhesabu kamba na nyangumi kuwa windo la bahari. Sili anaishi majini na nchi kavu pia, kwa hiyo hukumu yake ina mjadala. Ni vyema kuuliza kabla ya safari kuliko kubahatisha ukiwa mezani kwa mwenyeji wako.

Na kualikwa mezani kunawezekana sana. Siku ya kuzaliwa, ubatizo au siku ya kwanza ya mtoto shuleni, familia hufanya kaffemik: mlango huwa wazi mchana kutwa, meza imejaa keki, kahawa na vyakula vya kwao, na wageni huja kwa zamu. Unavua viatu mlangoni, unampa mkono kila aliyemo, unakula, unazungumza, kisha unaondoka ili wengine wapate pa kukaa. Siku hizi baadhi ya familia huwakaribisha wageni wa nje kwa malipo. Mimi sioni ubaya wowote, kwa kuwa fedha hiyo inakwenda moja kwa moja kwa aliyepika.

Kilomita chache kusini mwa mji, njia ya mbao inakupeleka Sermermiut, bonde lililokaliwa na watu wa tamaduni za kale za Saqqaq, Dorset na Thule kwa kupokezana. Wa mwisho walihamia Ilulissat katikati ya karne ya 19. Chini ya majani kuna tabaka za mifupa ya sili, zana za mawe na majivu, na kwa karne nyingi ardhi iliyoganda imezihifadhi vizuri kuliko jumba lolote la makumbusho. Sasa ardhi hiyo inaanza kulainika na mifupa inaanza kuoza. Hapo hapo kuna bango linalowakataza watu kushuka ufukweni, na ni la kuheshimiwa. Siwa barafu ikipinduka au kupasuka ndani ya hori huibua wimbi linaloufikia ufuo ghafla, hata siku ambayo bahari imetulia kabisa.

Mjini kwenyewe ipo nyumba alimozaliwa mvumbuzi Knud Rasmussen mwaka 1879. Baba yake alikuwa kasisi kutoka Denmark, na upande wa mama alikuwa na damu ya Wainuit. Alikua akisema Kigreenland na kuendesha mbwa tangu utotoni. Kati ya 1921 na 1924 aliongoza msafara ambao katika sehemu yake ya mwisho yeye na Wainuit wawili walivuka Aktiki ya Amerika kwa sleji hadi Alaska, akiandika masimulizi ya watu aliowakuta njiani. Aliweza kuzungumza nao kwa lugha ya kwao, maana lugha za Wainuit ni za ukoo mmoja kutoka Greenland hadi Alaska. Wavumbuzi wengi wa wakati wake walitafuta ncha ya dunia. Yeye alitafuta watu, na kwa hilo namheshimu kuliko wao.

Afrika nayo ina mtu wake katika historia ya nchi hii. Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo, alikuta kitabu kuhusu Greenland katika duka la vitabu mjini Lomé, akatoroka nyumbani, akafanya kazi nchi baada ya nchi kwa miaka takriban minane, na mwaka 1965 akashuka Greenland. Alipanda kaskazini hadi Upernavik, akalala katika nyumba za wawindaji na kula walichokula. Kitabu chake, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1981, ndicho ningependa kila Mwafrika anayekwenda huko akisome kwanza, kwa sababu kinawatazama Wainuit kwa macho ya mgeni asiyejiona bora kuliko wenyeji wake.

Majira ya baridi jua hupotea tangu mwishoni mwa Novemba. Linaporudi, tarehe 13 Januari, wakazi hutoka na watoto wao hadi kilimani nje ya mji, wakaimba na kulitazama likichungulia kwa dakika chache tu. Kuanzia Februari hadi Aprili mwanga huwa wa kutosha na theluji bado imara, na huo ndio msimu wa sleji. Mbwa wa Greenland wana eneo lao: kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki hairuhusiwi kuingiza mbwa wa aina nyingine, ili damu yao isichanganywe. Wanafungwa kwa minyororo pembezoni mwa mji na ni wanyama wa kazi. Usiwaguse bila mwenyewe kukuruhusu. Wamebaki karibu nusu ya waliokuwapo mwanzoni mwa karne hii. Barafu ya bahari imekuwa haitabiriki, chakula chao ni ghali, na pikipiki za theluji zimechukua nafasi yao. Anayelipia safari ya mbwa kwa mvuvi wa Ilulissat anamsaidia kuendelea kuwalisha.

Barafu ya Sermeq Kujalleq yenyewe imerudi nyuma karibu kilomita 40 tangu katikati ya karne ya 19, na sehemu kubwa ya mwisho ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kati ya 2016 na 2019 mto ulipunguza mwendo, kwa sababu maji yaliyoingia Ghuba ya Disko yalikuwa na ubaridi zaidi. Hilo lilidhihirisha jinsi bahari inavyouongoza mto huo, lakini halikuondoa hatari. Barafu kuu ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari za dunia zitapanda wastani wa mita 7, na ongezeko hilo halitagawanyika sawasawa. Uzito wa barafu huyavuta maji ya bahari kuelekea Greenland. Uzito ukipungua, mvuto unapungua, maji yanaondoka, na bahari ya jirani inashuka. Maji hayo huenda mbali, kwenye ukanda wa joto. Lamu, Zanzibar na Kilwa zinapata kupanda kwa bahari kukubwa kuliko wastani wa dunia kutokana na barafu inayoyeyuka Greenland, wakati ufuo wa Ilulissat wenyewe unazidi kukauka.

Anayetaka kwenda apange kukaa mjini siku kadhaa. Meli za kitalii hushusha umati kwa saa chache katika mji usiojengwa kwa umati, na faida kubwa huondoka na meli. Juni hadi Septemba ni wakati wa mashua na nyangumi. Beba chandarua cha kichwani, kwa kuwa mbu wa Juni na Julai ni wengi, ingawa hawana malaria. Uwanja mpya wa Nuuk, uliofunguliwa Novemba 2024, unapokea ndege kubwa kutoka Copenhagen, na kutoka hapo ndege za mapangaboi huenda Ilulissat. Usinunue pembe ya nyangumi wala mfupa wa mnyama bila kuuliza kibali cha kusafirisha, maana biashara hiyo inabanwa na mkataba uleule wa CITES unaolinda pembe za tembo wetu. Na kabla ya kulipia tiketi, kumbuka kwamba Greenland iko chini ya ufalme wa Denmark lakini haimo katika eneo la Schengen. Omba viza kwa mamlaka za Denmark, na hakikisha imeandikwa wazi kwamba inatumika Greenland, kwa kuwa viza ya kawaida ya Schengen haitakuvusha.