VITI VYA NGOZI VYA GARI: DAWA YA BUTI SI DAWA YA KITI

Askari ni mtu aliyefunzwa kuitunza ngozi. Tangu siku za kwanza za mafunzo hukabidhiwa buti, mkanda na brashi, naye huelezwa kwamba buti lisilong'aa ni shahidi dhidi ya mwenyewe. Ni ajabu basi kumwona askari huyo huyo, afikapo umri wa kumiliki gari, akiviacha viti vyake vya ngozi vikauke, vipauke na kupasuka mpaka sponji ichungulie nje. Ajabu zaidi ni kwamba anapoamua hatimaye kuviponya, hukimbilia kopo lile lile la rangi ya viatu, na hivyo huviharibu mara ya pili.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza maafande na askari wa ngazi zote, wa jeshi na wa polisi, jinsi kiti cha ngozi kilichochakaa kinavyoweza kurejeshwa katika hali njema nyumbani, kwa mikono ya mwenye gari mwenyewe, kwa siku chache za mapumziko na kwa vifaa visivyo vingi. Tutaeleza pia ni wapi mikono hiyo inapaswa kukoma na fundi aitwe.

GARI LIISHI KULIKO DENI

Magari mengi yanayonunuliwa na watu wa kawaida mjini Kigali yamekwisha kutumika kwanza katika nchi za mbali. Injini huwa imekaguliwa, bodi imepigwa rangi, lakini viti vimekaliwa na watu tusiowajua kwa miaka kumi au zaidi. Askari anayekopa ili anunue gari la namna hiyo, iwe katika Zigama CSS, taasisi ya akiba na mikopo iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watumishi wa vyombo vya usalama, au katika benki nyingine yoyote, hukatwa mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Gari likichakaa kabla ya deni kwisha, atakuwa analipia kitu ambacho thamani yake imekwisha kupungua mbele ya macho yake.

Neno zigama, kwa Kinyarwanda, ni agizo la kuweka akiba. Gari nalo ni akiba, na siku litakapouzwa ili kulipa karo ya watoto au kuanzisha biashara baada ya kustaafu, mnunuzi atafungua mlango wa dereva kabla ya kufungua boneti. Kitu cha kwanza atakachokiona ni kiti. Kiti kilichopasuka humwambia, kwa haki au bila haki, kwamba hata mafuta ya injini hayakubadilishwa kwa wakati. Hapo bei huanza kuteremka.

MAADUI WANNE

Wa kwanza ni jua. Kigali uko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, katika mwinuko unaozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi ya kupendeza, na kwa sababu hiyo wengi husahau kwamba jua la mahali pa juu namna hii ni kali. Gari lililoachwa wazi mchana kutwa huwa tanuri. Ngozi hupoteza unyevu wake, hukakamaa, kisha hupasuka pale inapokunjwa.

Wa pili ni vumbi. Katika kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hupenya hata madirisha yaliyofungwa. Chembe zake hukaa katika mikunjo ya kiti, na kila mtu anapoketi husugua kama msasa.

Wa tatu ni jasho na mafuta ya mwili, pamoja na losheni na ile dawa ya kutakasa mikono tuliyoizoea tangu mwaka 2020. Dawa hiyo ina spiriti nyingi, na spiriti hulainisha rangi ya kiti kama inavyolainisha rangi ya kucha.

Wa nne ni msuguano, na hapa askari ana hatia kuliko raia. Mkanda wa kazi, mkoba wa bastola, pingu na simu ya upepo vyote hukwaruza. Kwa kuwa nchini Rwanda twaendesha upande wa kulia wa barabara, na dereva huketi kushoto, ukingo wa kushoto wa kiti chake ndio unaoumia kwanza, kwa sababu huburuziwa mwili mzima kila anapopanda na kushuka. Kwa jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania mambo ni kinyume: huko huchakaa ukingo wa kulia.

NGOZI YA JANA NA NGOZI YA LEO

Kabla ya nguo za dukani kuenea, watu wa nchi hii walivaa ngozi. Vazi la kike lililoitwa inkanda lilikuwa la ngozi ya ng'ombe, likalainishwa kwa siagi mpaka likawa laini kama kitambaa. Wazee wale walijua kazi yao. Ngozi yao haikufunikwa kwa rangi wala vanishi, na siagi iliingia moja kwa moja katika nyuzi zake.

Ngozi ya gari la leo ni nyingine. Tangu Augustus Schultz wa Marekani aliposajili uvumbuzi wake mwaka 1884, ngozi nyingi duniani zimekuwa zikidabaghiwa kwa chumvi za kromiamu badala ya maganda ya miti. Kisha, kwa ajili ya magari, juu yake hupakwa utando mwembamba wa rangi, na juu ya rangi utando wa vanishi ulio laini na usiopitisha maji. Tunapoketi garini, kwa kawaida hatugusi ngozi yenyewe. Tunagusa utando huo, nao ndio unaochakaa kwanza.

Hiki ndicho kiini cha makala yetu. Rangi ya viatu ni nta iliyochanganywa na rangi. Juu ya buti hukaa vyema, kwa sababu hakuna anayelikalia buti. Juu ya kiti haina pa kupenya, hivyo hubaki juu juu ikingojea suruali safi. Askari aliyeitumia asubuhi huteremka garini akiwa na ramani nyeusi nyuma yake, na gwaride zima likaisoma. Mafuta ya kupikia, siagi na grisi navyo haviponyi kitu; hukusanya vumbi, huoza na kunuka.

UPELELEZI KABLA YA SHAMBULIO

Kwanza tujue tunashughulika na nini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: tuiname tutazame chini ya kiti, pale ncha ya ngozi ilipokunjwa. Ngozi halisi upande wa ndani ina nyuzi nyuzi kama manyoya mafupi. Ngozi bandia ina kitambaa kilichofumwa. Magari mengi yanayosifiwa kuwa na viti vya ngozi yana ngozi halisi mahali pa kuketia na pa kuegemea tu, na kwingine kote ni bandia.

Kisha tudondoshe tone moja la maji mahali palipofichika. Likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, ngozi ina utando na maelezo haya yanaihusu. Likizama na kuacha doa jeusi, utando haupo au umekwisha. Ngozi ya namna hiyo yataka uangalifu mkubwa, na kama ndivyo ilivyotoka kiwandani, ni heri kumwachia fundi.

Mwisho tupime ukubwa wa dhara. Kiti kichafu chataka kusafishwa tu. Kiti kilichopauka na chenye nyufa ndogo chaweza kurejeshwa nyumbani. Kiti kilichochanika, kilichofumuka mshono au kilichobonyea sponji ni cha fundi.

Jambo moja lazima litangulie mengine yote. Magari mengi ya sasa yana mfuko wa hewa wa usalama ndani ya ubavu wa kiti, nao hutambulishwa kwa lebo ndogo yenye herufi SRS au neno AIRBAG. Ubavu huo usishonwe, usitiwe gundi wala usivikwe kitambaa kinachoubana, kwani siku ya ajali mfuko hautatoka. Nyaya zenye viunganishi vya manjano chini ya kiti zisiguswe kamwe.

KAZI YENYEWE

Siku ya kwanza ni ya usafi. Gari liwekwe kivulini, milango yote wazi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, hasa katika mishono. Sabuni isiyo kali, kama ya kuogeshea watoto, ichanganywe na maji ya vuguvugu mpaka itoe povu. Povu hilo ndilo lisafishalo, maji yabaki ndooni. Tusugue taratibu kwa mswaki laini, eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, na kufuta papo hapo kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kitokapo safi, tuhamie pengine. Maji mengi yakizama katika sponji huleta ukungu na harufu, na yakifika penye nyaya huleta hasara. Wengi watashangaa kuona kwamba kiti walichodhani ni cha kahawia kilikuwa cha maziwa, na kwamba kazi yao imeishia hapo.

Siku ya pili ni ya nyufa. Kiti kikiwa kikavu kabisa, tupitishe kitambaa chenye spiriti kidogo ili kuondoa mafuta yaliyosalia, tukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Msasa laini wa namba 600 upitishwe kwa wepesi juu ya nyufa mpaka kingo zake zisisikike kwa kidole. Kisha ipakwe dawa ya kujazia nyufa za ngozi, ile inayobaki laini ikikauka na kupindika bila kukatika. Ipakwe nyembamba, iachwe ikauke, isuguliwe, na kupakwa tena. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa maana tabaka nene litapasuka siku dereva mnene atakapoketi. Lazima tuseme kweli: ufa ulioingia katika nyuzi za ngozi hauungi tena. Tunachofanya ni kuujaza usiendelee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiti ni ngozi mpya nzima.

Siku ya tatu ni ya rangi. Itumike rangi maalumu ya ngozi inayochanganywa kwa maji. Rangi ya nyumba na ile ya kupulizia chuma hukauka kuwa ngumu na kubanduka kama magamba ya samaki. Rangi ilinganishwe mahali pa siri na kuachwa ikauke kabla ya kuamuliwa, kwani ikiwa mbichi hudanganya macho. Mishono ya rangi tofauti ifunikwe kwa utepe wa karatasi. Ipakwe kwa sponji ndogo, tabaka tatu hadi tano nyembamba, kila moja ikisubiri ya kwanza ikauke. Mwisho hupakwa vanishi ya ngozi isiyong'aa sana, maana kiti kinachometa kama kioo hujulisha kila mtu kwamba kimepakwa rangi. Gari lisikaliwe kwa siku moja kamili, na kwa wiki moja lisifutwe kwa maji.

Spiriti na dawa hizi nyingine hushika moto upesi, na mvuke wake huleta kizunguzungu. Karakana za Gakiriro, kule Gisozi, zimeunguzwa na moto zaidi ya mara moja, na kila aliyeona moshi ule ajua jinsi mbao, sponji na rangi zinavyochochea. Basi pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu, na kazi isifanywe ndani ya gari lililofungwa.

FUNDI NA MIPAKA YETU

Penye tundu au mshono uliofumuka, tuwaendee mafundi wa viti. Tuwaulize kabla ya bei: kiraka kitawekwa chini ya ngozi au juu yake? Kiraka chema hukaa chini, kikashikwa kwa gundi inayobaki laini. Tuwaulize pia kama wanaujua mfuko wa hewa wa ubavuni. Fundi asiyejua swali hilo lina maana gani, tumshukuru na kuondoka.

Kuhusu gari la kazi, sheria ni nyepesi. Hilo ni mali ya umma. Kiti chake kikichanika, afisa wa usafiri apewe taarifa, na matengenezo yafuate utaratibu. Askari asijifanye fundi wa gari la serikali, wala asifanye vifaa vya ghala la serikali kuwa dawa ya gari lake.

RATIBA YA MATUNZO

Kiti kilichopona chataka ulinzi. Kila wiki kifutwe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kila baada ya miezi mitatu kisafishwe kwa povu kama tulivyoeleza. Gari liegeshwe kivulini, na pasipo kivuli, kioo cha mbele kikingwe kwa kadibodi. Mwenye kwenda kazini na mkanda wenye vifaa atandike taulo nene juu ya kiti, mbali na ubavu wenye mfuko wa hewa, akikumbuka kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, na kwamba hata isingepigwa marufuku, plastiki juu ya ngozi hufungia jasho.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi tunayo kazi ya Umuganda. Zimebaki Jumamosi nyingine tatu. Anayetaka kuanza aanze na ile iliyo karibu: ndoo moja, mswaki mmoja, kitambaa cheupe, na ukingo wa kushoto wa kiti cha dereva.