Kifaa cha tiba kinachoyeyuka mwilini: je, siri zako nazo zitayeyuka?

Mjomba wangu alivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Akatiwa chuma, mfupa ukaunga, tukashukuru Mungu. Kisha akaambiwa arudi apasuliwe tena, chuma kitolewe. Akaniuliza, "Mpwa wangu, hawa wataalamu hawawezi kutengeneza kitu kikimaliza kazi kiondoke chenyewe?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, walau nusu.

Mwaka 2012, Profesa John Rogers wa Marekani na wenzake walionyesha saketi za elektroniki zinazoyeyuka kwenye maji ya mwili. Walitumia silikoni, ileile iliyomo ndani ya simu yako, ila nyembamba mno kuliko unywele. Nyaya zilikuwa za magnesiamu, madini tunayokula kwenye maharagwe na mboga za majani. Vyote vikawekwa juu ya hariri.

Faida yake si ndogo. Mwaka huohuo, Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, alifariki baada ya upasuaji wa moyo. Iliripotiwa baadaye kwamba alivuja damu ndani kwa ndani zilipotolewa nyaya za muda za kusaidia mapigo ya moyo. Mwaka 2021, kundi la Rogers lilitangaza kifaa cha kazi hiyohiyo kisicho na waya wala betri, chenye uzito chini ya nusu gramu. Katika majaribio ya wanyama, kiliyeyuka baada ya wiki chache.

Lakini kifaa kinachopima joto la kidonda usiku kucha lazima kikumbuke, ili daktari asome asubuhi. Hapo ndipo panapohitajika memori inayoyeyuka.

Aina moja imejengwa hivi: sahani mbili za magnesiamu, katikati utando wa hariri. Umeme ukisukumwa, chembe za chuma hujipanga zikawa uzi mwembamba unaovuka utando. Uzi ukiunga, hiyo ni moja. Ukikatika, ni sifuri. Kwa moja na sifuri ndivyo kompyuta huandika kila kitu. Umeme ukizimwa, maandishi hubaki. Maji yakiingia, hupotea na kifaa chenyewe.

Kazi ngumu ni kupanga muda. Mwili umejaa maji, na hayangoji. Kwa hiyo kifaa hufunikwa kwa utando wa kinga, kama fundi anavyopaka jahazi deheni. Unene wa utando ndio unaoamua siku zake.

Msomaji, utafiti huu wa memori bado uko maabara. Atakayekuuzia leo, mkimbie.

Ila tujiandae kwa swali moja. Kifaa kikiyeyuka, yale yaliyosomwa tayari yamo kwenye kompyuta ya hospitali, na hayo hayayeyuki. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na kuomba zifutwe zisipohitajika kisheria. Ni wangapi kwetu huku tunauliza tunapotia sahihi fomu za hospitali? Tuanze kuuliza sasa.

Nilipomweleza mjomba, alicheka. "Basi waharakishe," akasema, akijipapasa mguu. Chuma bado kimo. Pesa za kukitoa hazijatimia.