Ujira Uliotajwa na Haki ya Kupumzika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, hapa kwetu Kharumwa, na katika machimbo ya dhahabu ya ukanda huu wa Geita, kijana huteremka duarani asubuhi akatoka jioni. Akiuliza ujira wake huweza kuambiwa: duara halikutoa kitu. Je, neno hili lakubalika?

Jawabu limo katika mapatano. Wanavyuoni wametenga mambo mawili. La kwanza ni ijara, yaani mtu kuajiriwa. Huyu sharti ujira wake ujulikane mapema, na akimaliza kazi ni deni juu ya mwajiri, dhahabu ipatikane isipatikane. La pili ni ushirika, ambamo wote wawili hungoja faida, na fungu la kila mmoja hutajwa tangu mwanzo. Dhuluma huingia pale mwenye duara anapomfanya mwenziwe kibarua wakati wa kuamrisha, na mshirika wakati wa hasara.

Katika Suratul Qasas, Nabii Musa (a.s.) alipatana na mzee wa Madyan miaka minane ya kazi, ikitimia kumi, ni kwa hiari yake. Tena mzee yule aliahidi kutomtaabisha. Basi muda ulijulikana, na ziada haikulazimishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwenda njia hiyo hiyo. Saa za kawaida hazipiti 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana mapumziko ya dakika 60 angalau, na humo hupata chakula na sala ya adhuhuri. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu.

Ndugu zetu, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu ametangaza kuwa Siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa aliyemtumia mwajiriwa akamnyima ujira. Nani atakayeshinda kesi hiyo? Basi tuandikiane kabla ya kazi, duarani, dukani na hata kwa watumishi wa majumbani mwetu.

Ewe Mola, tutakasie chumo letu, na utuepushe na jasho la mwingine. Amin.