Seli za puani zilivyofufua matumaini ya kutibu uti wa mgongo

Na Mwandishi Wetu

KWA karne nyingi mtu aliyejeruhiwa uti wa mgongo na kupooza aliambiwa neno moja tu: hakuna dawa. Matabibu wa Misri ya kale waliliandika katika mafunjo yapata miaka 3,600 iliyopita, wakiuweka mgongo uliovunjika na kuondoa nguvu za mikono na miguu katika orodha ya maradhi yasiyotibika.

Hata sayansi ya karne ya 20 haikuwa na lugha tofauti. Bingwa wa elimu ya neva wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alifundisha kuwa njia za neva katika ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima zikishakatika hazioti tena. Fundisho hilo lilishikwa kwa miongo kadhaa kana kwamba ni sheria.

Miongoni mwa waliothubutu kulihoji ni Profesa Geoffrey Raisman wa Uingereza, mtafiti wa ubongo na neva aliyefariki dunia Januari 2017 akiwa na umri wa miaka 77. Alitumia takriban nusu karne kutafuta jibu la swali moja: kwa nini jeraha la kidole hupona, lakini la uti wa mgongo haliponi?

Ili kulielewa swali hilo, ni vema kwanza kufahamu uti wa mgongo ni kitu gani.

Ndani ya pingili za mgongo hupita kamba laini ya neva, yenye unene unaokaribia wa kidole na urefu wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima. Humo mna mamilioni ya nyuzi nyembamba za neva. Baadhi hushusha amri za ubongo kwenda kwenye misuli, na nyingine hupandisha habari za maumivu, joto na mguso kwenda ubongoni.

Kamba hiyo ikijeruhiwa shingoni, mtu anaweza kupoteza nguvu za mikono na miguu. Ikijeruhiwa kifuani au chini yake, mikono husalimika lakini miguu hupooza. Aidha, wengi hushindwa kuzuia haja ndogo na kubwa, na hupata vidonda vya kulalia pamoja na maambukizi ya njia ya mkojo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Visababishi vikubwa ni ajali za barabarani, kuanguka kutoka juu na vitendo vya kikatili.

Neva za mikono na miguu zikikatwa zinaweza kuota upya, kwa kasi inayokaribia milimita moja kwa siku. Katika uti wa mgongo hali ni tofauti. Seli zinazozunguka jeraha hujenga kovu, na nyuzi za neva zinazojaribu kuchipua hukosa pa kupita.

Mfano wake ni barabara ambayo daraja lake limesombwa na mafuriko. Magari yapo ng'ambo zote mbili na madereva wako tayari, lakini hakuna anayevuka. Kwa mtazamo wa Raisman, tatizo halikuwa magari, bali daraja.

Mwaka 1969, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, Raisman alichapisha ushahidi kuwa neva katika ubongo wa panya aliyekomaa, baada ya kujeruhiwa, ziliweza kuunda viungio vipya. Wengi hawakuamini. Hii leo uwezo huo wa ubongo kujipanga upya hufundishwa katika vyuo vyote vya tiba.

Baada ya hapo aliigeukia pua. Neva za kunusa ni za pekee mwilini, kwani hufa na kuzaliwa upya maisha yote ya binadamu. Kila neva mpya huchipua kutoka puani, hupenya hadi ndani ya fuvu na kujiunga na ubongo. Kwa hiyo pana mahali pamoja ambapo njia ya kuingia katika ubongo hubaki wazi daima.

Mwaka 1985 Raisman alieleza siri ya njia hiyo: seli maalumu zinazozifunika neva za kunusa na kuziongoza hadi ubongoni. Akajiuliza, je, seli hizo zikihamishiwa penye jeraha la uti wa mgongo, hazitafanya kazi ile ile ya kufungua njia?

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1997. Yeye na wenzake, Ying Li na Pauline Field, walitangaza katika jarida la Science kuwa panya waliokatwa nyuzi za uti wa mgongo, kisha wakapandikizwa seli hizo, waliweza tena kunyoosha mguu wa mbele na kuchukua chakula. Nyuzi zilikuwa zimevuka jeraha.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu kulihitaji miaka mingine 15. Mwaka 2012 kundi la madaktari wa mji wa Wroclaw, Poland, likiongozwa na daktari bingwa wa upasuaji wa neva, Pawel Tabakow, kwa kushirikiana na Raisman aliyekuwa University College London, lilimfanyia upasuaji mwanamume aliyekuwa amepooza kuanzia kifuani baada ya kuchomwa kisu mgongoni.

Madaktari walilifungua fuvu na kutoa moja kati ya sehemu mbili za ubongo zinazopokea harufu, kisha wakazikuza seli zake katika maabara kwa takriban wiki mbili. Seli hizo zilidungwa kwa sindano ndogo zipatazo 100 juu na chini ya jeraha. Pengo la milimita 8 liliunganishwa kwa vipande vya neva vilivyokatwa kwenye kifundo cha mguu wa mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa kila kitu kilitoka mwilini mwake, hapakuwa na hatari ya mwili kuvikataa.

Kabla ya hapo mgonjwa huyo alikuwa amefanya mazoezi mazito ya viungo kwa miezi mingi bila mafanikio yoyote. Miezi michache baada ya upasuaji, misuli ya paja lake la kushoto ilianza kujaa na hisia zikaanza kurejea. Hatimaye aliweza kupiga hatua kwa msaada wa vyuma vya miguu na kifaa cha kushikilia. Matokeo hayo yalitangazwa Oktoba 2014, na Raisman aliyalinganisha na hatua ya binadamu kutembea mwezini.

Hata hivyo, wataalamu wengine walitahadharisha mara moja kuwa mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha. Jeraha lake lilikuwa la kisu, lenye mkato safi, wakati majeraha mengi ya ajali huuponda uti wa mgongo. Mwaka 2016 kundi la Wroclaw lilitangaza kuwatafuta duniani kote wagonjwa wengine wenye mkato wa aina hiyo, ambao ni wachache mno.

Hali kadhalika, utafiti ulioanza Australia mwaka 2002 chini ya Profesa Alan Mackay-Sim wa Chuo Kikuu cha Griffith uliwapandikiza wagonjwa watatu seli za puani mwao. Baada ya miaka mitatu ilidhihirika kuwa upandikizaji huo haukuwadhuru, lakini hakuna aliyerejewa na uwezo wa kutembea.

Wakati huo huo njia nyingine imepiga hatua. Nchini Uswisi, mtafiti Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch wa Lausanne wanatumia umeme badala ya seli. Mwaka 2018 walionyesha kuwa watu waliokuwa wamepooza kwa miaka kadhaa waliweza kupiga hatua baada ya kuwekewa kifaa kinachousisimua uti wa mgongo. Mwaka 2023 walitangaza kuunganisha ubongo na uti wa mgongo wa mgonjwa mmoja kwa vifaa vya elektroniki, hivyo akatembea kwa kuwaza tu kutembea.

Tofauti ya njia hizo ni ya msingi. Umeme huziamsha neva zilizosalia, wakati seli za Raisman zinalenga kuiziba nafasi iliyokatika. Huenda siku moja zote mbili zitatumika kwa pamoja.

Kwa sasa hakuna hospitali inayotoa seli za puani kama tiba ya kawaida iliyothibitishwa. Jambo hili linapaswa kusisitizwa, kwani mwenye maumivu ni rahisi kuuziwa matumaini. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mwanamke aliyepandikizwa tishu za puani nje ya nchi hiyo. Miaka minane baadaye alikutwa na uvimbe mgongoni, uliotokana na tishu zile zile na uliokuwa ukitoa ute kama wa kamasi.

Mgonjwa anayeahidiwa tiba ya namna hiyo kwa malipo anapaswa kuuliza mambo matatu: ni wagonjwa wangapi wameshatibiwa, matokeo yao yamechapishwa wapi, na ni mamlaka gani iliyoidhinisha. Utafiti halali hautozi mgonjwa fedha kwa ajili ya kufanyiwa majaribio.

Aidha, ipo hatua isiyosubiri maabara. Majeruhi wa ajali anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, au asiyehisi miguu yake, asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu wala kukalishwa. Aachwe alipo hadi wataalamu wafike, isipokuwa kama mahali penyewe pana hatari kama vile moto. Ikilazimu kumhamisha, kichwa, shingo na mgongo vishikiliwe vikiwa vimenyooka na alazwe juu ya ubao. Mfupa uliovunjika unaweza kuwa bado haujaikata kamba ya neva. Mkono wa msamaria asiyejua ndio unaoweza kuikata.