Filamu za majirani: sebuleni tulitazama mzigo kuliko nyota

Mwezi huu nyumbani kwetu tumetazama filamu za majirani tupu: moja ya Kenya, moja ya Kongo na mbili zilizotengenezwa Uganda. Za vita za Marekani tuliziweka kando. Watazamaji tulikuwa mke wangu, mimi, na jirani yetu mmoja ambaye kazi yake ni kuvusha vitenge na viatu mpakani. Mtu wa kazi hiyo hatazami filamu kama wengine. Nyota analia, yeye anauliza ule mzigo ni wa nani na umelipiwa wapi.

Iliyotukamata zaidi ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za nje, na ili wateja wanunue huwaigizia vipande vyake palepale. Hiyo peke yake ni biashara safi. Lakini ndoto yake ni kuwa mwigizaji Nairobi, na siku ya safari binamu yake anamkabidhi vifaa vya muziki vya bei kubwa pamoja na shilingi 10,000 avifikishe kwenye duka moja mjini. Duka halijaonekana, Mwas ameshaporwa kila kitu.

Hapo sebule ilinyamaza. Msomaji uliyewahi kubeba mali ya mtu huhitaji kuelezwa. Ukipoteza mali yako umepata hasara. Ukipoteza ya mwenzako una deni, na jina lako sokoni limeingia doa hata kama kosa si lako. Jirani alikasirika kweli: inakuwaje mgeni wa mji apewe mzigo kama ule bila mtu wa kumpokea kituoni? Mke wangu akamjibu kwamba wengi wetu tulianza hivyo hivyo, tukapewa anwani na dua. Baadaye Mwas anaingia kwenye genge la kuiba vipuri vya magari huku mchana akifanya mazoezi ya maigizo, na vipuri hivyo vina mnunuzi mwenye duka. Filamu haimfichi huyo mnunuzi, na hapo ndipo nilipoiheshimu. Sheng yake ni nzito kwa asiyeizoea, lakini sura za waigizaji zinatosha.

Ya Kongo ni Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka 2010. Watoto walale kwanza. Ina damu na mambo ya chumbani kupita kiasi. Kinshasa haina petroli, na Riva anarudi kutoka Angola na shehena ya mafuta aliyoiba kwa bosi wake. Katika mji wenye kiu kama ule, mlanguzi mwenye mafuta ni mfalme. Riva je? Anamwaga pesa kwenye bia na muziki, na anamtamani mwanamke wa jambazi mwingine, huku mwenye mali anamfuata nyuma. Jirani alikuwa ameshampigia hesabu mapema kwamba huyu anakula mtaji. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wetu tunaijua kwa habari za vita tu. Hapa unaiona Kinshasa yenyewe ikicheza, ikihonga na ikipanga foleni ya mafuta.

Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, ndiyo nyepesi kuliko zote, na familia nzima inaweza kukaa pamoja. Phiona Mutesi anauza mahindi mitaani Kampala kabla ya kuwa bingwa wa sataranji, na Lupita Nyong'o ni mama yake. Lupita ameigiza vizuri sana, hasa pale penye kodi ya nyumba. Kasoro yangu ni moja: watu wa Katwe wanazozana kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Sijaona soko la hivyo.

Ya nne, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ni vurugu na vicheko. Nabwana I.G.G. aliitengeneza Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa pesa kiduchu, na sauti ya VJ Emmie inatangaza mapigano kama mpira wa miguu. Tulicheka hadi machozi. Lakini kinachonikaa kichwani ni jinsi kundi lile lilivyouza kazi zake: waigizaji wenyewe wakipita nyumba kwa nyumba na diski mkononi, wakikimbizana na siku chache kabla wanakili hawajaijaza sokoni.

Nikamwuliza jirani, ambaye kila siku analalamika kuhusu vitenge bandia vinavyomwangushia bei, anawaonaje vijana wanaojaza filamu kwenye flashi pale mpakani. Akasema filamu haina jora, haipimwi kwa yadi. Mke wangu akamwambia hata mchoro wa kitenge haupimwi kwa yadi, na ndio anaoulilia. Hakujibu, aliomba chai.

Wiki ijayo zamu ni ya Zanzibar: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Jirani ameshauliza kama ndani mna bandari.