Mzito, Mlegevu, Unavuma: Msamiati wa Dalili katika Utambuzi wa Hitilafu za Usukani wa Haidroliki kwenye Magari ya Zamani Yaliyobadilishwa, Nchelenge na Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha inavyosaidia au kukwamisha utambuzi wa hitilafu za usukani wa haidroliki katika magari ya zamani yaliyofanyiwa mabadiliko. Mazingira yanayorejelewa ni Nchelenge, mashariki mwa Ziwa Mweru, ambako Kibemba na Kiingereza cha Zambia hukutana na Kiswahili na Kifaransa kutoka Kongo. Hoja kuu ni kwamba uundaji wa istilahi za ufundi uanze na maneno ya dalili kabla ya majina ya vipuri, kwa kuwa kazi ya fundi huanza kwa kumsikiliza dereva.

1.0 Utangulizi

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya ziwa iko miji ya Kilwa na Pweto, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Samaki wanaouzwa katika soko la Kashikishi husafirishwa hadi miji ya Ukanda wa Shaba, na safari hiyo hutegemea magari yenye kuhimili mizigo na barabara mbovu. Kiswahili si mgeni katika eneo hili. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilifika kwa Mwata Kazembe, na David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru mnamo Novemba 1867 alikuwa akisafiri pamoja na wafanyabiashara hao.

Katika miaka ya karibuni hadhi ya lugha hii imepanda. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia na Kongo ni wanachama wake, iliiongeza Kiswahili katika orodha ya lugha zake rasmi. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maazimio hayo yanazua swali moja la kiutendaji: je, Kiswahili kinachotumika mikutanoni kimeandaliwa kutumika pia chini ya gari?

2.0 Gari linalojadiliwa

Mifano miwili ya magari ya zamani inatosha. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, na Land Rover Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Land Rover hiyo ilitoka kiwandani bila usukani wa haidroliki, na ndivyo zilivyokuwa Land Cruiser nyingi za mfululizo huo. Wamiliki huyabadilisha: sanduku la usukani la Land Cruiser ya mfululizo wa 60 hufungwa kwenye gari la mfululizo wa 40, pampu hutolewa kwenye injini nyingine, matairi mapana huwekwa, springi huinuliwa.

Mfumo wenyewe hauna fumbo. Mkanda wa injini huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta hadi kwenye sanduku la usukani. Humo valvu hufunguka kufuata upande anaozungushia dereva, na mafuta husukuma pistoni inayosaidia mkono wake. Shinikizo la mafuta huamua nguvu ya msaada. Wingi wa mtiririko huamua kasi yake. Pampu iliyotoka kwenye gari jingine inaweza kutosheleza kimoja na kupunguka katika kingine.

Gari likishabadilishwa hivyo, hakuna kitabu cha mtengenezaji kinacholieleza lote. Kinachobaki ni maelezo ya dereva na vipimo vya fundi. Ndiyo maana usahihi wa maneno una uzito wa pekee katika magari haya kuliko katika gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani.

3.0 Maneno ya dalili na hatua za utambuzi

Ugumu wa kwanza uko katika neno usukani lenyewe. Lilianza kama neno la mabaharia, likiwa na maana ya kifaa cha kuongozea chombo, na kando ya ziwa maana hiyo ingali hai. Kwa gari, hutaja gurudumu analolishika dereva, na pia hutaja mfumo mzima hadi kwenye magurudumu ya mbele. Kauli "usukani ni mbovu" kwa hiyo haimwelekezi fundi popote. Kinachomwelekeza ni kivumishi au kitenzi kinachofuata.

3.1 Uzito

Usukani mzito una angalau sura tatu, na kinachozitenganisha ni vielezi. Ukiwa mzito pale tu unapozungushwa haraka, au injini inapozunguka taratibu, shaka iwe juu ya mtiririko: mkanda unateleza, au pampu haitoi mafuta ya kutosha kwa sanduku lile. Ukiwa mzito daima, yafaa kutenganisha haidroliki na vyuma. Magurudumu ya mbele yainuliwe, gari liegemezwe juu ya stendi, injini izimwe, kisha fimbo inayounganisha sanduku na magurudumu ifunguliwe. Magurudumu yakigoma kugeuka kwa mkono, tatizo liko kwenye ekseli na viungo vyake. Yakigeuka kwa wepesi, kinachofuata ni kupima shinikizo la pampu kwa geji, na valvu ya geji isifungwe kwa zaidi ya sekunde chache kwa kuwa mafuta huchemka upesi. Ukiwa mzito gari linaposimama tu, kabla ya kulaumu pampu yakaguliwe matairi: upana wake na upepo wake.

3.2 Ulegevu, kuyumba na kutorudi

Maneno haya matatu huchanganywa, ilhali kila moja lina chanzo chake. Usukani mlegevu ni ule unaozungushwa kidogo pasipo gurudumu la gari kusogea. Chanzo huwa ndani ya sanduku au kwenye ncha za tairodi. Mtu mmoja auchezeshe usukani huku mwingine akitazama ni kiungo gani kinachelewa. Gari linaloyumba laweza kuwa na viungo vizima, lakini mzigo uliopakiwa nyuma kupita kiasi umepunguza uzito wa mbele. Usukani usiorudi katikati baada ya kona huelekeza kwenye pembe ya kasta, ambayo huweza kubadilika springi zinapoinuliwa. Dawa yake ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, wala si pampu mpya.

3.3 Sauti

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo. Pampu inayovuma huku mafuta yakitoa povu imeingiwa na hewa. Hewa hutolewa kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yameinuliwa, huku mafuta yakiongezwa. Kinachopiga mluzi usukani unapofika mwisho ni mkanda unaoteleza. Kinachogonga ni kiungo kilicholika au sanduku lililolegea kwenye fremu, jambo la kuchunguzwa kwanza pale sanduku lilipofungwa kwa kuchomelewa. Kitenzi kulia hufunika sauti zote hizo. Tena kikitajwa pamoja na upande, huzaa utata wa wazi: "unalia kulia" yaweza kuwa sauti, upande, au vyote viwili.

4.0 Maneno yanayohatarisha maisha

Utata mwingine una gharama kubwa kuliko pampu. Neno mafuta katika Kiswahili hutaja petroli, dizeli, oili na mafuta ya kupikia. Kibemba nacho kina amafuta. Neno haidroliki halitengi vya kutosha, kwa sababu breki nazo ni za haidroliki. Mifumo mingi ya usukani ya aina hii hutumia oili ya madini, aghalabu ile ya giaboksi otomatiki. Breki za kawaida hutumia kioevu cha glaikoli, kinachoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa. Oili ya madini ikimiminwa kwenye tangi la breki, mipira ya breki huvimba na breki zinaweza kugoma au kupotea kabisa. Kioevu cha breki nacho huharibu mipira ya usukani. Neno lisilo na mpaka hapa linaweza kuua.

Mpaka wa nchi huongeza utata wake. Kwa fundi aliyezoea Kifaransa, direction ni usukani. Kwa msomaji wa Kiingereza, tahajia hiyo hiyo ni mwelekeo tu. Zambia huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, Kongo upande wa kulia. Sanduku lililoundwa kwa usukani wa kushoto halihamishiwi kulia hivi hivi, kwa kuwa pembe na mkono wake vimepangwa kwa upande wake. Agizo la kipuri linalosema "la kushoto" bila kufafanua kama ni kushoto kwa dereva aliyeketi au kwa mtu anayelitazama gari kwa mbele, laweza kuvusha ziwa kipuri kisichofaa.

5.0 Mapendekezo na hitimisho

Mjadala huu unaleta mapendekezo matatu. Kwanza, orodha za istilahi za ufundi zipangwe kwa dalili: chini ya mzito, mlegevu, unayumba, haurudi, unavuma, unapiga mluzi na unagonga, ziwekwe hali inamojitokeza na hatua ya uchunguzi. Pili, majina ya vimiminika yasitumike pekee. Yafuatane daima na mfumo na alama iliyo kwenye chupa, kama vile "oili ya usukani" na "kioevu cha breki, DOT 4". Tatu, pande zitajwe kwa kumrejelea dereva aliyeketi, na kanuni hiyo iandikwe mwanzoni mwa kila orodha.

Kazi hii inahitaji Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, mamlaka za mafunzo ya ufundi za Tanzania na Zambia, na wataalamu wa Kibemba na wa Kiswahili cha Katanga wakae meza moja. Haidai maneno mengi mapya, kwa kuwa mengi yaliyotajwa humu yanatumika tayari. Kinachokosekana ni makubaliano juu ya mipaka yake. Bila makubaliano hayo, dereva wa Kashikishi atanunua pampu kwa tatizo la kasta, na chupa isiyofaa itaendelea kufunguliwa juu ya tangi la breki.